Picha za Tanga Zilizokaa Frankfurt

Familia nyingi za Tanga zilikuwa bado hazijapata picha hata moja ya mji wao wakati mji huo ulipokuwa ukionyeshwa kwenye kuta za Ujerumani. Watu waliokaa gizani katika kumbi za miji isiyo na bahari waliiona bandari ya Tanga, mto Pangani na misitu ya Usambara ikimulikwa kwenye kitambaa cheupe, huku msemaji akieleza. Chombo kilikuwa taa kali yenye lenzi. Picha yenyewe ilikuwa juu ya kipande cha kioo kinachoenea kiganjani, kimefunikwa kwa kioo cha pili na kuzungushiwa ukanda wa karatasi nyeusi ili vumbi lisiingie. Nyingine zilipakwa rangi kwa mkono, kwa brashi nyembamba, hata anga la Mrima, yaani la pwani hii, likawa la buluu ambayo kamera ya siku zile haikuweza kuinasa.

Wenye picha hizo walikuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, Deutsche Kolonialgesellschaft, iliyozaliwa mwaka 1887 kwa kuunganishwa vyama viwili vya awali. Jumuiya ilikuwa na matawi nchi nzima, na matawi yalihitaji kitu cha kuwavuta watu mikutanoni. Maofisa, madaktari, walowezi na wasafiri walitoa picha walizopiga. Makao makuu yakazigeuza kuwa seti za vioo na kuzikopesha kwa wahadhiri. Msomaji wa leo aliyekaa darasani mwalimu akipitisha slaidi moja baada ya nyingine atautambua mpango huo mara moja. Ni ghala la picha za kufundishia, lenye namba, orodha na daftari la waazimaji. Tofauti ni somo lililofundishwa, kwamba nchi hizi zinafaa kutawaliwa, na kwamba utawala una faida.

Tazama basi kilichokuwa kikitokea pwani yenyewe. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alikubali kuikabidhi kampuni ya Kijerumani, DOAG, usimamizi wa pwani ya bara. Agosti mwaka huo huo, Emil von Zelewski, wakala wa kampuni hiyo, alifika Pangani na kupandisha bendera ya kampuni kwa ubabe uliowachoma watu wa mji wote, matajiri kwa mafukara. Pwani ikalipuka. Abushiri bin Salim aliongoza vita Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akasimama Saadani, na serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi la kukodi. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani.

Miaka michache baadaye, nchi ile ile ilikuwa na mandhari ya kupendeza machoni pa mhadhiri wa Berlin. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Juu ya milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902, ilifunguliwa taasisi ya utafiti ya Amani, yenye bustani ya mimea iliyosifiwa na wataalamu wa nchi nyingi. Daraja la reli, shamba la mkonge lililonyooka mistari hadi upeo wa macho, mwanasayansi katikati ya bustani: mambo kama hayo yalipigwa picha kwa bidii na kutumwa Ujerumani. Aliyekata mkonge na aliyeubeba mtaimbo wa reli wamo pia katika picha, wengi wao, ila hawana majina. Maelezo ya chini yanamtaja mtu kwa kabila au kwa kazi: mpagazi, askari, mwanamke wa Kiswahili.

Hapa napenda kusimama kidogo, kwa sababu Tanga ilikuwa na kumbukumbu nyingine ya miaka hiyo hiyo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mganga na mshairi wa Tanga, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitwaa Mrima, na J. W. T. Allen akaja kuufasiri kwa Kiingereza. Ndani ya utenzi ule watu wana majina na wanasema. Wanagombana, wanashauriana, wanaamua. Kwa hiyo pwani haikukosa njia ya kuhifadhi habari zake. Zilikuwapo njia mbili, moja ikibeba nyuso zisizo na majina, nyingine ikibeba majina yasiyo na nyuso. Kazi ya mwalimu wa historia wa leo, kwa maoni yangu, ni kuzikutanisha hizo mbili darasani, na nyingi ya shida nitakazozieleza hapa chini zinaizuia kazi hiyo hiyo.

Yupo pia mtu wa pwani aliyepanda jukwaani Ujerumani kwenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na kitabu chake cha desturi za Waswahili kikachapishwa Ujerumani. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata walisafiri kwa meli kurudi Afrika Mashariki, lakini wakuu wa koloni hawakuwaruhusu kushuka pamoja, wakarudishwa Ujerumani. Baadaye alijipatia riziki kwa kuzunguka akitoa mihadhara juu ya nchi aliyokatazwa kurejea na mkewe. Alifariki Berlin mwaka 1927. Katika kumbi ambamo wengine waliwaeleza Wajerumani jinsi Mwafrika alivyo, Mtoro alisimama na kuwaeleza mwenyewe.

Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuiteka Tanga kutoka baharini wakashindwa vibaya. Miaka miwili baadaye mji ukawa mikononi mwao, na kufikia 1919 Ujerumani haikuwa tena na koloni lolote. Ungedhani picha zingetupwa. Badala yake ziliendelea kuazimwa, sasa kwa ajili ya kudai makoloni yarudishwe. Mwaka 1936 Jumuiya ilimezwa na umoja wa kikoloni wa utawala wa Wanazi, na umoja huo nao ukavunjwa mwaka 1943. Baada ya vita, vitabu vyake na picha zake zikatua katika maktaba ya mji na chuo kikuu cha Frankfurt.

Zikakaa huko, kimya, kwa miongo kadhaa. Tanganyika ikapata uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza, wanahistoria wetu wakaanza kuandika upya habari za Wapare, Washambaa na watu wa Mrima. Na picha za sehemu hizo hizo zilikuwa ndani ya masanduku kando ya mto Main. Kuzifikia kulitaka nauli, viza na barua ya utambulisho, na ukifika unakuta kioo ambacho mkutubi anaogopa kukitoa, kwa kuwa kikianguka kimekwisha.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Maktaba ya Frankfurt ilianza mradi wa kuziokoa picha zote, takriban 55,000. Mradi ule unastahili kutajwa kwa heshima kwa sababu ulifuata utaratibu ambao wengi hadi leo wanauruka. Kwanza vioo na karatasi vilisafishwa na kurekebishwa. Kisha picha zikapigwa upya kwenye filamu ya usalama, maana wakati ule hakuna aliyejua kama faili la kompyuta lingesomeka baada ya miaka 20. Baadaye tu ndipo zikatiwa kwenye kompyuta, na kila moja ikaunganishwa na rekodi yake: mpigaji, mahali, mwaka, mada. Ilipofika mwisho wa muongo huo, mtu mwenye intaneti aliweza kuandika neno Pangani na kuiona Pangani ya kabla ya 1914.

Wakati huo huo vyuo vikuu duniani kote vilikuwa vikihangaika na makabati yao. Tangu miaka ya 1960, idara za sanaa, ujenzi, akiolojia na jiografia zilifundisha kwa slaidi za milimita 35, zile za fremu ndogo ya kadi au plastiki, zikipangwa kwenye trei ya duara na kuanguka moja moja mbele ya taa ya projekta. Chuo kimoja kiliweza kuwa na slaidi laki mbili, na mtunza slaidi aliyejua kwa moyo kila droo. Mwaka 2004 kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi. Filamu ya Kodachrome ikafuata mwaka 2009, na maabara ya mwisho ya kuisafisha, huko Kansas, ikaacha kupokea magombo mwishoni mwa 2010. Walimu wakajikuta wana picha bila mashine. Mwaka ule ule wa 2004 huko Marekani ilifunguliwa hifadhi ya picha ya Artstor, iliyotumia mkusanyo wa slaidi wa Chuo Kikuu cha California cha San Diego kama moja ya misingi yake, ikaviuzia vyuo haki ya kuingia. Ilikuwa hifadhi nzuri, lakini mlango wake ulikuwa wa kulipia. Agosti 2024 tovuti yake ilifungwa na picha zikahamishiwa maktaba ya mtandaoni ya JSTOR, ambapo walimu walilazimika kujifunza mlango mpya.

Kwa bahati, sehemu kubwa ya picha za kwetu zimepita njia nyingine. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kilinunua mwaka 2002 mkusanyo wa Humphrey Winterton, Mwingereza aliyekusanya kwa miaka mingi picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, zaidi ya 7,000, kikaziweka wazi kwa kila mtu. Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani ilitoa zaidi ya picha 80,000 kwa Wikimedia Commons, hifadhi ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote. Humo zimo za Walther Dobbertin, mpigapicha aliyekuwa na studio Dar es Salaam na kuzunguka koloni lote hadi vita vilipomkuta. Sharti ni dogo: taja jina la mpigaji na hifadhi ulikotoa, na ukiibadilisha picha, uitoe kwa wengine kwa masharti yale yale. Mwalimu wa sekondari Muheza anaweza leo kuchukua picha ya Dobbertin, akaiweka kwenye simu yake, akaifundishia bila kumwomba mtu ruhusa.

Anaweza, lakini mara nyingi hafanyi, na sababu si uvivu. Jaribu kutafuta Lushoto. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmsthal, na picha nyingi za wakati wao zimeandikwa hivyo. Mlalo iliitwa Hohenfriedeberg na wamisionari. Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg. Mtoto wa Mlalo anayeandika jina la kwao katika sanduku la kutafutia anaweza kuambiwa hakuna kitu, ilhali picha ya bonde la kwao imo humo humo, imevaa jina la kigeni. Halafu maelezo yenyewe ni ya Kijerumani, ya mtu aliyetazama kwa jicho la mtawala, na mengine yana maneno ya kudhalilisha ambayo hakuna mwalimu angetaka kuyasoma mbele ya wanafunzi wake. Kwenye skrini picha inang'aa. Anayeitafuta kwa lugha yake haioni.

Ndiyo maana nasema kuskani ni nusu ya kazi, na ni nusu iliyo rahisi. Slaidi moja ya milimita 35 ikiskaniwa kwa nukta 4,000 kwa inchi hutoa picha ya nukta milioni 21 hivi, na faili lake lisilobanwa ni kama megabaiti 64. Slaidi 10,000 zinakuwa gigabaiti 640, kiasi kinachoenea kwenye diski moja inayotiwa mfukoni. Nunua diski mbili au tatu, ziweke nyumba tofauti, na zikaguliwe kila mwaka. Faili kubwa litunzwe bila kuguswa. Dogo la kubanwa ndilo liende darasani. Kwa haya fundi mmoja mwenye subira anatosha. Ila hakuna skana inayojua kwamba yule mzee aliyesimama mlangoni ni nani, au kwamba ule mti uliotokea pembeni ndio uliokuwa baraza la watu wa mtaa huo. Hilo linajulikana na watu, na watu wanakufa.

Chukua mfano wa Tongoni, kilomita 17 hivi kusini ya Tanga. Pana magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi ya karne ya 14 na 15, na hapajulikani mahali pengine katika pwani yote penye makaburi mengi ya nguzo kuliko hapo. Wareno walipaita Mtangata. Kwenye mafungu ya karibu ndiko Vasco da Gama alikoitia moto meli yake São Rafael mwaka 1499. Msafiri Richard Burton alipita mwaka 1857. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Peter Garlake alipima na kupiga picha majengo ya kale ya pwani kwa ajili ya kitabu chake cha 1966, na wanaakiolojia wa Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, chini ya Neville Chittick, walifanya kazi toka Kilwa hadi Lamu. Tangu wakati huo nguzo nyingi za Tongoni zimeanguka, na bahari inaendelea kuula ufukwe. Slaidi ya nguzo iliyokuwa imesimama zamani sasa ndiyo ushahidi wa jinsi ilivyokuwa, na fundi anayetaka kuiinua tena ataihitaji ajue kimo chake na mahali pa bakuli za kauri zilizopachikwa. Kama slaidi hiyo haina mwaka wala upande wa dira, amebaki kubahatisha.

Na slaidi nayo inakufa. Rangi za filamu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zinageuka kuwa nyekundu hata zikikaa gizani. Unyevu wa pwani unazalisha ukungu unaotambaa juu ya jelatini kama utando, na fremu za karatasi ni chakula cha mchwa. Kila masika inayopita inachukua chake. Mkusanyo uliotunzwa katika baridi kavu ya Ulaya unaweza kusubiri. Uliomo ndani ya kabati la chuma katika ofisi isiyo na kiyoyozi Tanga au Dar es Salaam hauna subira hiyo.

Pale Tanga mjini, katika jengo la boma la zamani la Wajerumani, lipo jumba la makumbusho la Urithi, na kuta zake zina picha za mji wa kale: stesheni, soko, bandari, mitaa ya Ngamiani. Wanafunzi huletwa, na wazee huja wenyewe. Mzee akisimama mbele ya picha huanza kusema: hapa palikuwa na duka la fulani, barabara hii haikuwapo, shule ile ndiyo iliyochapa gazeti la Kiongozi enzi za Wajerumani. Maneno hayo ndiyo maelezo ya picha yanayokosekana Frankfurt na Northwestern. Yakisemwa bila kuandikwa, yanatoka mlangoni pamoja na msemaji.

Kazi iliyobaki haihitaji mradi mkubwa wala mfadhili wa mbali. Shule ya Tanga, Pangani, Lushoto au Korogwe ichague picha 20 za mahali pake kutoka hifadhi hizo zilizo wazi. Wanafunzi wazipeleke kwa wazee wao, kwa waliofanya kazi mashambani enzi za manamba, vibarua wa mkataba, kwa watoto wa waliojenga reli. Waandike kwa Kiswahili: hapa ni wapi, jina la zamani na la sasa, ni lini kama yajulikana, nani anaonekana, na nani aliyesema hayo na siku gani. Kisichojulikana kiachwe wazi, kisijazwe kwa kubuni. Kisha maelezo hayo yatumwe kwa hifadhi yenye picha. Wikimedia Commons inaruhusu mtu yeyote kuongeza maelezo kwa lugha yake papo hapo, na maktaba kubwa zina wakutubi wa kuandikiwa barua.

Na kwa mhadhiri ambaye bado ana kabati la slaidi alizopiga mwenyewe Amani, Tongoni, Saadani au mashamba ya mkonge: usizitupe kwa sababu projekta imekufa. Kaa na kijana mwenye skana na kinasa sauti, mzipitie moja baada ya nyingine, na useme unachokikumbuka juu ya kila moja. Ziskaniwe pamoja na madaftari yako ya mihadhara, maana mpangilio uliofundishia ni sehemu ya historia yake. Fanya hivyo mwaka huu, kabla ya masika mengine.